NYUMBA YA JUU ISIUZWE KABLA HATUJAJUA TUNAUZA NINI

Ndugu wanaushirika,

Tunaandika kwa kalamu nene ili hata mzee aliyesahau miwani nyumbani aweze kusoma. Ambaye kusoma bado, amwombe mwenzake amsomee, asione haya, maana jambo lenyewe ni la wote.

Mkutano mkuu wa chama chetu cha ushirika utakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Katika ajenda, baada ya habari za mbolea na madeni ya mbegu za viazi, kuna maneno matatu tu: "Nyumba ya juu." Mtu anaweza kuyapita asiyaone. Waliokuwa kwenye kikao cha bodi wanajua maana yake. Yupo mtu wa mjini anataka kuinunua ile nyumba yetu ya wageni, na baadhi ya wajumbe wanaona heri iuzwe, kwa sababu hailipi.

Sisi wa ofisi ya tawi hatuna kura katika ushirika zaidi ya ile ya kila mwanachama. Hatuandiki ili kuamrisha. Lakini maoni tunayo, na ukuta huu ni wa maoni. Tunasema hivi: nyumba haina kosa. Kosa ni letu sisi.

Kwanza tukumbushane. Ile nyumba ya mawe tuliikuta haina hata mlango, mbuzi wanalala ndani. Bati jekundu tulilipaka wenyewe. Mchanga akina mama waliupandisha kwa ndoo kutoka mtoni, kila kaya ndoo 20, na wapo waliopeleka 30 bila kuambiwa. Dohani lilizibwa na kiota cha ndege. Kijana aliyelizibua alishuka mweusi kama sufuria tukacheka siku nzima. Leo kuna vyumba vitatu, vitanda sita, choo cha ndani, na baraza inayotazama bonde mpaka macho yachoke. Mtu akisema "tuuze", ajue anauza na zile ndoo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mwezi uliopita darasa letu la jioni la watu wazima lilikuwa kwenye somo la kuzidisha. Badala ya kuhesabu maembe ya kwenye kitabu, ambayo hayaliki, tuliomba daftari la wageni tukahesabu watu wa kweli. Tuligundua jambo ambalo bodi haikulisema. Wageni wapo. Wanakuja. Ila karibu wote wanaingia jioni na kuondoka kesho yake asubuhi. Wanalala usiku mmoja! Mama mmoja wa darasani, ambaye juzi tu ameanza kuandika jina lake bila kutazama ubao, akasema: "Kumbe mgeni akikaa siku tatu ni sawa na wageni watatu, na shuka tunafua mara moja tu." Ndugu zangu, hiyo ndiyo hesabu nzima. Hakuna haja ya mtaalamu kutoka mkoani.

Kwa nini hawakai? Hapo ndipo tunapoumia kusema. Wakati wa likizo ya Desemba alikuja mwalimu mmoja kutoka Tanga na watoto wake wawili. Asubuhi ametoka barazani, amekunywa chai, amefurahi, akamwuliza kijana wetu anayepasua kuni pale: "Hapa jirani kuna nini cha kutazama?" Kijana akajibu: "Hapa hakuna kitu, labda mwende Lushoto mjini." Sisi tulikuwepo, tumekuja kuleta mkaa. Tulisikia. Na sisi tukanyamaza kimya, maana hata sisi hatukuwa na jibu lililo tayari mdomoni. Saa nne yule mwalimu akapakia watoto kwenye gari akaenda zake.

Hapa hakuna kitu! Mtu amezaliwa Usambara, amekulia Usambara, anasema hakuna kitu.

Basi tujibu leo swali la yule mwalimu, ingawa ameshaondoka.

Sisi tuko kati ya Soni na Lushoto. Barabara inayopanda kutoka Mombo, kilometa 33 hivi mpaka Lushoto, yenyewe ni matembezi tosha. Mgeni anatoka kwenye joto la mkonge pale chini, ambako reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1905, anaingia kwenye korongo, kona juu ya kona, mto uko upande huu, mara uko upande ule. Kabla hajafika Soni anaona maporomoko yakishuka kwenye miamba karibu kabisa na barabara. Mabasi hayasimami. Abiria wanayaona kwa kugeuza shingo, basi. Sisi tukienda mnadani tunayapita tukiwa tumelala. Lakini mgeni aliyelala nyumba ya juu anaweza kushuka Soni asubuhi na gari la abiria, akayatazama kwa nafasi, akanunua plamsi na peasi za msimu kwa akina mama wa barabarani, akarudi saa sita akiwa na njaa. Na mwenye njaa hununua chakula. Hiyo ni siku moja.

Huko huko Soni kuna kilima cha Kwa Mongo, chenye vipepeo wengi. Mwenye miguu mizuri anapanda na kushuka asubuhi moja. Na upande wa Magila kuna lile jiwe ambalo watu husema linakua. Hili tunataka kulieleza kidogo, kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike.

Wazee wanasema jiwe la Magila lilikuwa dogo na sasa ni kubwa. Hawasemi uongo, wameliona kwa macho yao. Lakini jiwe halili wala halinywi, litakuaje? Kinachotokea ni kwamba udongo unaolizunguka unachukuliwa na mvua. Jiwe limesimama pale pale, sisi ndio tunashuka. Kila masika inayopita bila makinga maji, udongo wetu unakwenda mtoni, na jiwe "linakua" tena. Mgeni akielezwa hivyo na mkulima mwenyewe, akaoneshwa na matuta na majani ya guatemala yaliyopandwa kuzuia udongo, atasimama pale nusu saa nzima. Hii si habari ya kwenye vitabu vya watalii tu. Ni habari ya shamba.

Na hapo hapo aelezwe na habari ya pili. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha wazee wetu kuchimba matuta kwenye miteremko, asiyechimba anatozwa faini. Watu walikataa. Akina mama ndio waliobeba mzigo mkubwa wa lile jembe, na upinzani ukawa mkubwa mpaka mpango ukaachwa. Wakoloni wakaandika kwamba Wasambaa ni wabishi. Kuanzia mwaka 1981 ukaja mradi wa SECAP kwa msaada wa Wajerumani, wa kuhifadhi udongo na kupanda miti mashambani, na mara hii wengi wakakubali, maana waliona majani yale yale yanayozuia udongo yanalisha na ng'ombe. Udongo ulikuwa ule ule na mteremko ule ule. Tofauti ilikuwa katika namna ya kumwambia mtu. Sisi tunadhani mgeni kutoka mahali popote pale, awe wa Dodoma au wa Ulaya, atapenda kusikia jambo hili kwa bibi aliyelima wakati ule kuliko kwa kijana aliyelikariri. Na mabibi hao bado tunao wachache. Tusiwangoje wafe.

Siku ya pili mgeni aende Irente. Kutoka Lushoto mjini ni kama kilometa tano, kwa miguu mtu wa kawaida anafika chini ya saa mbili akienda polepole. Pale mlima unakwisha ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu. Ukisimama ukingoni unaona chini kabisa Mazinde, mashamba ya mkonge yamepangwa kama mistari ya daftari, barabara kuu, reli, halafu nyika mpaka mbingu ilipogusa nchi. Magari yanaonekana kama sisimizi. Aende mapema au alasiri kutegemea majira: kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hufunika asubuhi, mtu anaweza kusimama pale saa nzima anatazama kitu cheupe kama uji. Tuwaambie hivyo kabla hawajaondoka, wasirudi wanatusema. Karibu na hapo kuna shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini na jemu na mkate mweusi wa shayiri ya kizungu. Sisi hatuupendi sana mkate ule, ni mchungu kidogo. Wageni wanaugombania.

Sasa swali, na kila mtu ajijibu moyoni: ni wanachama wangapi wa ushirika huu wamewahi kufika Irente kutazama tu? Si kupeleka kabichi. Kutazama. Sisi tulipouliza darasani, katika watu kumi na tisa walinyoosha mkono wanne. Mzee mmoja alisema yeye anapita pale tangu ujana wake na hajawahi kusogea ukingoni kwa sababu hakuna kazi pale ukingoni. Tulicheka, lakini ni kicheko cha aibu.

Siku ya tatu ni Magamba. Huo ni msitu wa serikali, leo unaitwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuingia kuna ada, raia ada yake ndogo na mgeni wa nje ada yake kubwa. Tusiwafundishe wageni kupita njia za panya kukwepa ada. Huo ni wizi, na ukikamatwa ni aibu ya kijiji. Ndani kuna mikulo ambayo mkikumbatia watu watatu bado mikono haikutani. Kuna mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani wanaruka juu kwa juu. Kuna baridi hata mchana. Kwenye mawe yenye kivuli na maji, mwenye bahati anaweza kuona lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wameweka madirishani dunia nzima. Ua hilo lilitoka kwetu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani huku, aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la familia ya yule ofisa. Likazalishwa, likauzwa, na linauzwa mpaka leo huko kwa mamilioni. Hapa mtoto wa shule ukimwuliza jina lake hajui. Hatusemi turudishiwe. Tunasema tulijue.

Na kuna safari ya mbali, ya Mtae na Mambo, huko milima inakoishia upande wa kaskazini, ambako chini unaiona Mkomazi na siku ikiwa safi unauona Kilimanjaro. Hiyo siku moja haitoshi, mgeni alale huko huko, na sisi tusimwonee wivu mwenyeji wa Mtae. Atarudi kwetu kuchukua mizigo yake.

Tumebakiza Vuga, na hapa tunakwenda taratibu.

Kila mtoto wa Kisambaa amesikia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akafukuzwa kwao kwa ajili ya kuota meno ya juu kwanza, akawagawia watu nyama, akaua simba, na watu wa Vuga wakamfanya mfalme. Ukoo wake ukatawala. Kimweri ye Nyumbai alitawala mpaka mwaka 1862, na nchi yake iliteremka kutoka milimani hadi pwani. Wageni walikuja Vuga hata wakati huo. Mmisionari Krapf alifika mwaka 1848 na akarudi 1852. Burton na Speke walifika mwaka 1857, mfalme akiwa mzee sana, na walipokewa kwa ruhusa yake na kuondoka kwa ruhusa yake. Hakuna aliyeingia Vuga kama anaingia sokoni. Habari hizi nyingi ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho kingefaa kiwepo katika maktaba ya kijiji kuliko yale makabrasha yaliyoliwa na mchwa.

Sasa kuna vijana wanasema: tuwapeleke wageni kwenye makaburi ya wafalme, walipe, wapige picha. Sisi tunakataa. Hatukatai kwa kuogopa mashetani. Tunakataa kwa sababu makaburi yana wenyewe, na wenyewe si sisi wala si ushirika. Anayetaka kwenda Vuga aende kwa wazee wa Vuga, aombe, akiambiwa ndiyo ni ndiyo, akiambiwa hapana anywe chai arudi. Kama Kimweri aliweza kumfanya Mzungu angoje, na sisi tunaweza.

Ndugu zangu, tukishajua mahali pa kwenda, bado kuna mambo yetu wenyewe ya kunyoosha, na hapa wengine watanuna.

La kwanza ni njia. Ile njia ya zamani ya kutoka nyumba ya juu kwenda mwambani, ambayo mababu waliipita na watoto walipita kwenda shule, leo imelimwa kabichi. Mwenye shamba anajijua, hatumtaji. Mwanzoni alikata kipande kidogo pembeni, mwaka uliofuata akasogea, sasa mgeni akifika pale anakuta tuta na uzio wa miti. Mwamba ule ni dakika ishirini tu kutoka barazani na jua likizama pale ni zuri kuliko sehemu nyingine zote tulizozitaja. Ni bure, ni letu, na hatuwezi kufika. Kamati ya ardhi ya kijiji iende ikapime kwa kamba. Tunaomba mwenyewe aifungue kabla kamba haijafika.

La pili ni ajali ya masika iliyopita. Tuiseme, maana inasemwa kwenye vilabu vya pombe kwa namna nyingine. Mgeni wa kike alitaka kuona maporomoko yetu madogo ya bonde la chini. Akapelekwa na mtoto wa miaka kumi na mbili, saa kumi na moja jioni, mvua imenyesha. Wakati wa kurudi giza limeingia, mgeni akateleza, akavunjika kifundo cha mguu. Tulimbeba kwa machela ya magunia hadi barabarani, vijana wanane wakipokezana, na gari lilipatikana saa tatu usiku. Alipona, na alituandikia barua ya shukrani. Alishukuru! Sisi ndio tulistahili kulaumiwa. Mtoto hana kosa, alitumwa na sisi wakubwa kwa tamaa ya noti moja. Kuongoza wageni ni kazi yenye leseni, kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na pale Lushoto wapo waongozaji wenye vibali. Ushirika uchague vijana wawili, mmoja mvulana na mmoja msichana, uwalipie mafunzo, wapate leseni. Mpaka wakati huo tuwatumie wa Lushoto na tuwalipe haki yao. Na baada ya saa tisa alasiri mtu asishuke bonde la chini, hata akitoa dola.

La tatu ni vinyonga. Watoto wanakamata vinyonga, wanawaweka kwenye kijiti kando ya barabara, wanadai pesa ya picha. Hawa vinyonga wenye pembe mbili puani ni wa milima yetu hii, watu wanatoka mbali sana kuja kuwaona. Mchana kutwa juani, kufikia jioni kinyonga amekufa, kesho anakamatwa mwingine. Kusafirisha wanyama hai nje ya nchi serikali ilipiga marufuku mwaka 2016, kwa hiyo akitokea mtu na kisanduku anataka kununua, huyo ni wa kupeleka kwa mtendaji. Wazazi wengi hapa wanamwogopa kinyonga, wanasema ni mkosi. Basi kama ni mkosi, mbona mnaruhusu watoto wamshike? Usiku, kwa tochi, kinyonga anaonekana kwenye matawi amelala, mweupe. Mgeni amwone pale, alipe kwa kuongozwa, na kinyonga abaki na uhai wake. Hapo mgeni lazima alale usiku wa pili. Hesabu ya yule mama wa darasani tena.

Kuhusu kuomba kalamu na peremende, walimu wa shule wameshasema, hatuongezi.

La nne ni fedha, na hapa ndipo penye ugomvi. Wapo wanaosema hata wageni wakikaa wiki nzima, fedha itaishia kwa mlinzi, mpishi na katibu wa ushirika. Wasemao hivyo wana sababu. Kwa miaka mitatu taarifa ya nyumba ya juu haikubandikwa ukutani hapa. Sisi tumeuliza mara mbili, tukajibiwa "inaandaliwa". Taarifa gani inaandaliwa miaka mitatu? Tunapendekeza fedha ya kitanda iwe ya ushirika, fedha ya chakula iwe ya akina mama wanaopika kwa zamu, fedha ya kuongozwa iwe ya mwongozaji, na sehemu ndogo ya kila kimoja iende kwenye njia na madaraja ya miti. Na kila mwisho wa mwezi ibandikwe hapa, kwa kalamu nene kama hii. Kama bodi inataka kuuza nyumba kwa sababu haina faida, kwanza itoe hesabu tuone hiyo hasara inafanana na nini.

Tumesikia pia sauti ya upande mwingine, na si ya kudharau. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alituambia: "Mnataka kijiji kiwe maonyesho. Leo wataangalia milima, kesho wataangalia sisi tunavyokula." Tulikaa kimya muda. Ni kweli ipo hatari hiyo. Tumeona mgeni akimpiga picha bibi anayepalilia bila hata kusema shikamoo. Tukamwambia, akaona haya, akarudi kuamkia, wakaishia kuongea mpaka jioni kwa ishara. Tunadhani basi hatari hiyo inazuiwa na sisi kuwa na msimamo, wala haizuiwi na kuuza nyumba. Maana akinunua huyo wa mjini, wageni hawataacha kuja. Watakuja wengi zaidi. Ila watapita kwenye geti lake, watakula chakula kilichotoka Mombo kwenye maboksi, wataongozwa na watu wake, na sisi tutakuwa tunawatazama kupitia uzio. Hapo ndipo tutakuwa maonyesho kweli. Na lile baraza tulilolijenga, mtoto wako akitaka kukaa pale kutazama bonde, ataulizwa anatafuta nini.

Sasa tunapendekeza jambo dogo kabla ya mkutano. Jumapili ijayo, baada ya ibada na kwa Waislamu wakishamaliza shughuli zao za asubuhi, wanachama twende Irente sisi wenyewe. Lori la ushirika lina nafasi, dereva amekubali, mafuta tutachanga. Akina mama wa zamu ya kwanza watapika makande, kila mtu aje na kikombe chake na chumvi yake ya maneno. Wazee wakae mbele na dereva. Tukasimame ukingoni pale kama wageni, tutazame Mazinde, tuulizane habari, na wakati wa kurudi tupite kwenye ile njia ya mwambani, tuone ilipozibwa. Mwalimu yule wa Tanga alilipa ili aone mambo haya, na sisi tunayo bure.

Na Jumatano darasa la jioni litaandika karatasi ya kubandika ukutani katika nyumba ya juu: pa kwenda, umbali, muda wa kutembea, ada, majira ya ukungu, nani wa kumwona. Itaandikwa na wanafunzi wenyewe kwa mwandiko wao, makosa tutasahihisha pamoja ubaoni. Mwenye kujua njia, mwenye kujua jina la mti, mwenye hadithi aliyoachiwa na babu yake, aje hata kama hajajiandikisha darasani. Taa tutaleta. Chaki zipo, ila chache, kwa hiyo atakayekuja na kipande cha mkaa atakuwa amesaidia.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, chini ya mkuyu, mvua ikinyesha ni ghalani. Aje na kadi ya uanachama. Asiye na kadi atasikiliza lakini hatapiga kura, na safari hii hatutaki kusikia "niliiacha kwenye koti lingine".

Wenu katika kujenga kijiji,
Katibu wa Tawi